Besi ya Baba

Kaka yangu aliigawa redio ya marehemu baba bila kumuuliza mtu. Amplifaya na spika zake mbili za mbao, nzito kama makabati, vilipakiwa kwenye mkokoteni wa muuza vyuma chakavu. Mahali pake akasimamisha redio mpya ya rangi ya fedha: spika nyembamba juu ya miguu mirefu, katikati ya sebule, kama wageni waliokataa kukaa. Alifunga nyaya mwenyewe, akapiga picha, akaondoka. Tena akaacha onyo kwamba asiguse mtu.

Nilipokwenda kumsalimia mama nilimkuta kajikalia kimya. Nikamwekea rekodi ya bendi ya baba, ile moja tu waliyowahi kurekodi, ambayo tulishaihamishia kwenye flashi. Baba alikuwa mpiga gitaa la besi. Katikati ya wimbo wenzake wote wananyamaza, anabaki yeye peke yake, na mama huwa anatikisa kichwa taratibu mpaka warudi. Safari hii matoazi yalichacharika, waimbaji wakaimbia puani, na baba alipofika zamu yake ikawa kama mtu anakwaruza kitu kwa mbali, basi.

"Zima, mwanangu," mama akasema. "Masikio yangu yamekwisha. Kaka yako kasema ni uzee."

Kumbe alishamlalamikia kaka, naye badala ya kuinama aikague redio yake, akamfanya mama kiziwi. Na mama, mtu anayejua kwa mlio wa kijiko ni nani yuko jikoni, akakubali. Tangu aambiwe hivyo hakuwa ameiwasha tena. Mwanamke kafiwa na mumewe, halafu anaambiwa hata hicho alichobakiziwa hawezi kukisikia.

Mimi ni mshona makochi. Redio sizijui, lakini chumba kitupu nakijua kinavyopiga kelele, na kile kilikuwa vigae sakafuni na pazia jepesi la kuonyesha. Kesho yake nikarudi na zulia nene na mapazia niliyoyashona kwa kitambaa cha makochi. Nilipigilia misumari kwa hasira mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Ule ukali wa sauti ukapungua. Nikazisogeza spika nyuma, karibu na ukuta, sauti ikanenepa kidogo. Baba bado hayupo. Nikamtukana kaka kimoyomoyo, kisha kwa sauti, mama akaniambia nichunge mdomo.

Nilikuwa navuta zulia linyooke nilipojikwaa kwenye waya, ukachomoka. Spika moja ikafa. Papo hapo, kwenye ile iliyobaki, besi ikasikika.

Spika mbili hazina besi, moja inayo? Nikapiga magoti na tochi ya simu. Kaka alitumia waya mweupe usio na alama yoyote, na kwenye spika moja kaufunga kinyume: uzi wa kwenda kwenye tundu jekundu kautia kwenye jeusi. Moja ilikuwa inasukuma, mwenzake inavuta, na kwa pamoja zilikuwa zinamfuta baba. Nikaugeuza, nikaurudisha na ule uliochomoka, nikauanza wimbo upya.

Akaingia. Mzito, mpole, akakijaza chumba mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mama akaushika mkono wa kiti.

"Huyo," akasema. "Bado anawahi."

Kweli, baba alikuwa anauwahi mdundo kidogo, na mimi miaka yote sikulijua hilo. Mama alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Akaniambia nirudishe nyuma, nikarudisha, akaniambia tena.

Jioni kaka akaja. Hata salamu hakutoa, akauliza haya mapazia ya hoteli gani. Nikafungua mdomo, mama akanizuia kwa mkono, akamwambia akae asikilize. Akakaa, mtoto wa kwanza, yule anayesimama kwenye kila shughuli ya ukoo kusema kwa niaba ya marehemu mzee. Wimbo ukafika pale pa baba. Mama akafumba macho. Kaka akasikiliza, akakunja uso.

"Kwani mzee alikuwa anapiga gitaa lipi?"

Nilitamani nimrushie nyundo. Mama akafumbua macho, akamtazama, halafu akamjibu kwa ule upole anaowapa wageni.

"Hilo, baba. Hilo linalolia peke yake."