Matumizi ya Kawaida

Asubuhi ile Jabiri alikuwa juu ya lori, kwenye yadi ya makontena huko Kwala, anavuta turubai ili lifunike mifuko ya mbolea. Ilikuwa kazi yake ya kila siku. Kamba ikamteleza kidogo, na ndoano ya chuma iliyofungwa mwishoni mwake ikarudi kwa kasi ikamgonga kwenye kifundo cha mkono. Hakuumia. Kioo cha saa aliyovaa kikapasuka, taa ya kijani iliyokuwa chini yake ikazimika, na moyo wa Jabiri ukasimama.

Akamalizia kufunga turubai, maana dereva alikuwa anapiga honi.

Saa yenyewe haikuwa yake. Kampuni ilikuwa imewavalisha watu wote wa yadi saa janja nyeusi, ili ofisini waone nani anatembea, nani amekaa, na moyo wa nani unakwenda mbio bila sababu ya maana. Mtu akizidisha kukaa kivulini, saa ilimtetemesha mkono mpaka ainuke. Wafanyakazi waliinung'unikia kwa muda mfupi, kisha wakaizoea, kwa kuwa binadamu hana asichokizoea akishakuwa na watoto.

Mchana Jabiri alitoka kwenda kula kwa mama ntilie, na aliporudi geti halikumfungukia. Mlinzi akapiga simu ofisini, akaambiwa huyo ni marehemu tangu asubuhi. Mlinzi akampa pole na kumsimamishia lori lililokuwa linaelekea Kibaha.

Nyumbani kwao Mkuza, mkewe Zubeda alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza Jabiri, akaweka sikio kifuani mwake, akamshika na shingo. Kimya. Akamtengea chakula, naye akala kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kula kwingine.

"Kufa nimekufa kweli, mama Saburi," alisema. Saburi ni mtoto wao, anayesoma Kisarawe kwa dada yake Jabiri. "Ila sioni tofauti kubwa."

Zubeda aliiona tofauti. Tangu waoane alikuwa amezoea kupitiwa na usingizi akiusikiliza ule moyo, nao ulikuwa na mwendo wake: unapiga, unasitasita kidogo, unaendelea. Sasa alikuwa kama amelalia ukuta. Alikasirika, tena kwa hasira ya kweli kweli. Mume alitoka nyumbani mzima, wakamrudishia aliyezimwa.

Kulipokucha alivua saa mkononi mwa Jabiri, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda Kisarawe kwa mdogo wake Naila, fundi simu mwenye kibanda karibu na stendi. Naila alifungua mgongo wa saa, akapuliza vumbi, akaisogeza sikioni.

"Moyo umo, da Zubeda. Unadunda vizuri tu. Kioo ndicho kimekufa, na huu utepe hapa umekatika. Kitu kidogo."

"Basi tengeneza."

"Nikitengeneza haiwaki. Wameifunga kwa namba zao za siri, mpaka waifungue wenyewe." Akamrudishia kwa mikono miwili. "Nenda kawaambie imeharibika kwa matumizi ya kawaida. Ikiwa hivyo wanatengeneza wao, ndivyo vitu hivi vinavyokwenda. Usiseme ilianguka. Usitaje maji."

"Haikuanguka. Mtu alikuwa anafanya kazi."

"Sema hivyo hivyo."

Kwenye geti la yadi kuna ubao unaotaja idadi ya siku ambazo kazi imefanyika bila ajali. Kila asubuhi mlinzi huongeza moja. Zubeda alipofika kesho yake alimkuta ndiyo kwanza anashuka kwenye ngazi, ameshaongeza. Jabiri, aliyemsindikiza, akabaki naye hapo wakipiga soga.

Afisa wa vifaa aliitwa Silvanus. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa Zubeda kiti na maji ya chupa, akaigeuza saa mkononi, akafungua mwongozo.

"Matumizi ya kawaida ni kuivaa," alieleza. "Marehemu aliivaa, hilo hatulikatai. Lakini aliivaa huku anafanya kazi."

"Si mliwapa ya kuvaa kazini?"

"Kuvaa, ndiyo. Kuigonga na ndoano siyo kuvaa, mama."

"Ndoano ndiyo kazi yenyewe, baba."

Silvanus akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema ipo njia: saa inaweza kuchunguzwa, na ikithibitika vinginevyo itatengenezwa na kurejeshwa mkononi kwa mwenyewe. Tatizo ni kwamba kampuni hupokea malalamiko ya mfanyakazi, na Jabiri, kwa kuwa amefariki, si mfanyakazi tena. Mjane wake angeweza kulalamika.

"Mimi si mjane. Mume wangu yuko hapo getini, ananisubiri."

"Basi hakuna wa kulalamika."

Zubeda akatazama dirishani. Jabiri alikuwa amesimama kwenye jua kali bila tone la jasho. Nzi walikuwa wameanza kumzoea. Zubeda akapiga moyo konde.

"Haya," alisema. "Mimi ni mjane."

Silvanus akasimama, akampa mkono wa pole, akaitia saa kwenye droo.

Hapo ndipo Zubeda alipokosea. Alidhani neno lile litabaki ofisini. Jioni ile ile shangazi yake Tatu, aliyemlea, aliingia kutoka Kisarawe na mkeka wake kwapani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Shangazi, ule ulikuwa ujane wa ofisini."

"Ujane hauna wa ofisini na wa nyumbani. Moyo wa mumeo unapiga?"

"Haupigi."

"Na umetamka kwa kinywa chako kwamba umefiwa?"

"Nimetamka."

"Basi ingia ndani, mwanangu. Unakaa eda."

Msiba ukawekwa. Mwanamume mwingine wa kuhangaika hakuwapo, hivyo Jabiri mwenyewe alizunguka mtaa mzima kuazima viti na sufuria, akapokea pole za watu, akawaonyesha pa kuvulia viatu. Kaburi halikuchimbwa. Marehemu alikataa kulala chini, na wazee waliona si vizuri kumlazimisha. Shangazi Tatu ndiye aliyemwambia kwamba chumbani sasa haingii, kwa kuwa humo yumo mwanamke aliyefiwa naye. Jabiri hakubisha. Alikuwa anamheshimu sana mama yule. Akachukua mto, akahamia barazani.

Zubeda alikaa ndani miezi minne na siku kumi, amevaa nguo nyeupe, bila wanja wala manukato. Kila asubuhi alimsikia mumewe anafagia uwanja. Walizungumza kupitia dirisha, yeye ndani, Jabiri nje, na shangazi katikati akisuka ukili wa mkeka.

"Eda ikiisha nakwenda Kwala," Zubeda alimwambia. "Nakuletea moyo wako, unaoga, tunafunga ndoa upya."

"Mimi sina haraka," alisema Jabiri.

Zubeda alikuwa nayo. Sauti ya mumewe ilikuwa inapungua chumvi siku hadi siku, na jina la Saburi alishaanza kulitafuta kabla ya kulitamka.

Eda ilipofika katikati, ujumbe uliingia kwenye simu ya Jabiri, umeandikiwa familia ya marehemu. Akausoma dirishani polepole. Ulisema uchunguzi umebaini kwamba saa haikuharibika katika matumizi ya kawaida, na kwamba kampuni inasikitika. Zubeda akalia. Shangazi Tatu akaweka ukili pembeni, akamshika magoti, akamwambia alie tu, kulia hakujakatazwa. Wakati huo Jabiri alikuwa ameurudia ujumbe mara ya pili, akitafuta kama kuna mahali pametajwa ndoano.

Siku ya kutoka eda Zubeda alioga, akavaa gauni la rangi, akaenda Kwala bila hata kunywa chai. Safari hii hakwenda kulalamika.

"Mmesema si kosa lenu, sawa," alimwambia Silvanus. "Nirudishieni hivyo hivyo ilivyovunjika. Nitakaa nayo mwenyewe."

Silvanus alifungua droo, kwa heshima tu, maana alijua hamna kitu. "Ilitengenezwa, mama. Kilikuwa kioo tu na utepe. Ni mali ya kampuni, isingefaa ikae bure. Amepewa Kibwana."

Kibwana alikuwa juu ya lori, anavuta turubai. Alipomwona Zubeda akashuka bila kuitwa, kijana mrefu mwenye aibu, mkono wa kushoto ameubana kifuani.

"Shikamoo, dada. Wewe ndiye Zubeda," alisema. "Nisamehe. Jina lako nalijua tu, sijui nimelitoa wapi. Tangu nivae hii saa, nikipita Mkuza mkono unataka kushuka garini."

Zubeda akaushika mkono ule, akainama, akaweka sikio kwenye kioo kipya. Ulikuwamo. Unapiga, unasitasita kidogo, unaendelea. Ukamtambua, ukaanza kwenda mbio, na taa ya kijani ikamulika shavu lake. Alifumba macho. Akamwegemea kijana wa watu mbele ya madereva, na hakuona haya.

Saa ikatetemeka. Huko ofisini walikuwa wameona kwamba Kibwana amesimama, na kwamba moyo unakwenda mbio bila sababu ya maana.

"Inaniita, dada."

"Nivulie. Nakuomba."

"Nikiivua nasomeka marehemu." Aliangalia chini. "Mama yangu ananitegemea mimi peke yangu."

Zubeda alimtazama sana. Kisha akauachia mkono. Kibwana akapanda, akashika kamba, akavuta, na ndoano ikarudi ikapita karibu kabisa na kioo. Akavuta tena. Zubeda alisimama pale mpaka turubai likafungwa lote, kila ndoano ikirudi akishika kifua chake mwenyewe. Getini aliupita ubao. Siku zilikuwa zimezidi nafasi, wameweka mpya, mkubwa zaidi.

Jabiri alimpokea uwanjani, ufagio mkononi.

"Umeupata?"

"Nimeupata."

"Uko wapi?"

"Uko kazini."

Jabiri akafikiri. "Unapiga vizuri?"

"Vizuri."

"Alhamdulillahi," alisema, akaendelea kufagia.

Zubeda akaingia ndani, akarudishia mlango. Baada ya muda alisikia ufagio unaegemezwa ukutani, kisha hodi. Jabiri hakuwahi kupiga hodi kwenye nyumba ile. Aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na siku zote alikuwa anasukuma mlango na kuingia. Zubeda alisimama upande wa pili, kiganja kwenye komeo, machozi yakimshuka. Akajifunika kanga vizuri, kama afanyavyo mwanamke akijiwa na mgeni wa kiume, akafungua, akamtandikia mkeka barazani.