Mwimbaji Aliyevishwa Mikono

Bi Sayyida alikuwa amevua kiatu kimoja tu. Cha pili kilimbakia mguuni, kwa sababu macho yake yalishafika ukutani, na alichokiona kilimpandisha hasira mpaka utosini.

"Thabit! Njoo hapa, kabla sijakufuata!"

Picha ilikuwa palepale ilipokaa miaka arubaini na sita, juu ya kochi la ukumbi wa wanawake, nyumbani kwao Ghubra, Maskati. Mwimbaji wa Kifaransa amesimama jukwaani, taa zinammulika kutoka chini, mdomo wazi, mkono mmoja juu. Miguuni pake kinaonekana kipara cha mpiga fidla. Ilikuwa picha ya chapa, iliyochorwa kwenye jiwe kisha ikapigwa kwenye karatasi. Asubuhi, Bi Sayyida alipokwenda Ansab kwa mdogo wake kuchukua udi, mwimbaji yule alikuwa mabega wazi. Sasa alikuwa na mikono mirefu myeusi hadi vidoleni, na kitambaa cheusi kimemfunika nywele na shingo. Uso tu ndio uliosalimika, mdomo bado wazi.

Thabit alitokea na kanzu haijafungwa vifungo. Mtu wa miaka hamsini, mkubwa wa idara serikalini, na bado akiitwa na mama yake hukimbia.

"Labeka, Mama."

"Umemfanya nini huyu?"

Alitazama ukutani, akatoa macho. "Si mimi, Mama. Wallahi si mimi."

"Usile yamini!"

Angemwamini vipi? Wiki mbili nzima Thabit alikuwa akimwomba aiondoe ile picha. Binti yake, Rawan, anaolewa na Shihab Ijumaa. Alkhamisi, yaani leo, wakwe wanaleta sanduku la biharusi. Wakimwona mwanamke wa kabare, wa kuimba vilabu vya usiku, watasema nini? Na kila mara mama yake alimjibu: siku atakayotoka yeye, na mimi n'natoka.

"Baba yako alikuwa mkali," Bi Sayyida alisema, "lakini alikataza usoni. Wewe umengoja nimetoka. Mwoga mkubwa!"

Thabit aliinamisha kichwa, akarudi upande wa wanaume.

Kwamba baba yake Thabit alikataza usoni, hilo lilikuwa kweli. Unguja, Sayyida alikuwa mwimbaji, na harusi asiyoimba yeye watu waliihesabu haijafana. Walipohamia Maskati, mumewe Saeed alimwambia wakiwa kwenye chakula, bila hata kupandisha sauti: hapa huimbi. Hakuimba. Miaka minne baadaye Saeed alirudi kutoka masomoni Paris na fremu kubwa iliyofungwa magazeti. "Nimekukataza wewe," alisema. "Basi huyu asimame badala yako." Hiyo ndiyo radhi pekee aliyowahi kumwomba mkewe. Mke hakumsamehe, lakini picha aliipenda.

Na alishaitolea wasia. Ni ya Rawan, mjukuu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha nyimbo zake zote jikoni, mlango umefungwa, mashine ya kufulia ikiwafichia siri. Sauti ya Rawan ilikuwa bora kuliko yake, na Bi Sayyida si mtu wa kusifia ovyo.

Alipanda juu ya kochi, na kiatu chake kimoja, aitazame kwa karibu. Kioo kilikuwa kimetolewa na kuegemezwa ukutani. Akainusa. Wino haunuki hivi. Hii ilikuwa harufu ya piko, ile rangi nyeusi wanayochorewa maharusi. Na zile nguo hazikupakwa kwa pupa: kwenye kiwiko palikuwa na ua, kwenye kifundo cha mkono majani madogo madogo. Thabit hawezi kuchora hata mstari ukanyooka.

Rawan alikuwa amesimama mlangoni. Jana alichorwa hina na piko, na maua ya mikononi mwake yalikuwa yaleyale. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa nyeusi tii.

"Ni mimi, Bibi. Baba hajui. Piko ilibaki, nikaona nimsitiri kidogo, kabla mama Shihab hajaja."

Kikulacho ki nguoni mwako. Bi Sayyida alishuka taratibu.

"Mama Shihab kakwambia kitu?"

"Hapana."

"Shihab mwenyewe?"

"Hapana, Bibi. Hakuna aliyesema."

"Mimi n'likatazwa na mume!" alipiga ukelele. "Miaka yote hii nimeibeba marufuku ile. Wewe umejikataza mwenyewe, hata hujaulizwa! Huko unakokwenda, utaimba wewe?"

Rawan alilia, hakujibu. Na lile kutojibu ndilo lililomuuma bibi yake kuliko piko yote ile. Alitamani kumzaba kibao. Hakuwahi kumpiga tangu azaliwe.

Nje magari yalipiga honi, vigelegele vikapasuka uwanjani. Hapakuwa na wakati wa kushusha picha wala wa kufuta machozi. Wanawake waliingia na sanduku limezungushiwa maua, na mbele yao Bi Shatha, mama yake Shihab. Alimwamkia Bi Sayyida kwa shikamoo, akaibusu mikono yake, kisha akainua macho.

"Mashallah, picha nzuri hii! Lakini mikono kaiharibu nani?" Alisogea karibu. "Mama yangu alikuwa akinihadithia sauti yako, Bi Sayyida. N'limwambia Shihab, bahati yetu, tunaoa nyumba ya waimbaji. Nani kamfunika maskini huyu?"

Rawan alificha kidole ndani ya kiganja. Jibu lilikuwa kwenye ulimi wa Bi Sayyida, la moto, na lilikuwa la haki.

"Marehemu mume wangu," alisema. "Zamani."

Piko ilikuwa bado haijakauka. Alimkamata Rawan mkono kwa nguvu mpaka binti akauma meno, akamkalisha kwenye kochi, chini ya picha, akamwinamia sikioni.

"Mdomo hukuufunika," alimwambia. "Basi fungua wako."