Biskuti za Waseme

Tuseme ukweli tangu mwanzo: Léocadie Mukabalisa hakuwahi kumpenda yule mbwa. Aliyempenda ni mumewe Célestin, tena kupita kiasi, na mtaa mzima wa Murara ulijua. Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika, mchunga ng'ombe wa milima ya Masisi aliyeshuka na mume na mke kwa miguu mpaka Goma walipokimbia vita. Ng'ombe walibaki huko juu wakaliwa na wenye bunduki. Mbwa ndiye aliyefika. Kule Masisi watu walimcheka Célestin kwa kula pamoja na mbwa, mzee mzima mwenye mvi, naye kwa kuwajibu akampa mbwa jina: Waseme.

Na kweli walisema, hata Goma. Kila jioni Célestin alikaa juu ya jiwe la volkano mbele ya mlango, sahani ya ugali na maharage mapajani, Waseme mbele yake ametulia kama shemasi kanisani. Léocadie alikuwa anafunga mlango asione. Kwao, mtu aliyelelewa vizuri hali chakula hadharani. Chakula ni jambo la ndani, la kufunikwa, na mwanamke hasa, hata njaa imtoe machozi, hatii tonge mdomoni mbele ya shemeji wala mkwe. Sasa huyu mumewe anakula nje, njia nzima inamwona, na mwenzake mezani ni mbwa! Kupitia mbao za nyumba alisikia tu sauti yake: "Ya kwangu. Haya, ya kwako." Kimya kidogo, halafu tena: "Ya kwangu. Haya, ya kwako."

"Yesu wangu, haya gani hizi," Léocadie alikuwa akisema, na komeo anaongeza.

Basi presha ikamwangusha Célestin, akalazwa, na kila Léocadie alipoingia hospitalini na sahani yake iliyofungwa kwa kitambaa, swali la kwanza la mgonjwa lilikuwa lile lile: "Imbwa imekula?"

"Imekula, imekula. Kula na wewe."

Asubuhi moja akakuta kitanda kimetandikwa upya. Wakamzika, watu wakalia naye, wakaimba, wakala, wakarudi kwao. Matanga yana watu wengi, ujane hauna mtu. Alipofungua mlango baada ya wote kuondoka, alimwona Waseme amelala ubavu wa lile jiwe, kidevu juu ya miguu, na bakuli lake la ugali limejaa inzi.

Mwanzoni alikasirika. "Haya, ususie! Unafikiri mimi ndio nilimuua?" Kesho yake akakasirika kidogo. Siku zilizofuata hasira ikamwisha, woga ukaingia, maana mbavu za yule mbwa zilianza kuhesabika, na alipoitwa alifungua jicho moja tu kisha akalifunga. Léocadie akajikuta amesimama mlangoni anamtazama. Katika vyote vilivyotoka Masisi, shamba, ng'ombe, mume, kilichobaki kinapumua ni hiki. Alitaka kipumue. Hakujua kwamba anataka hivyo mpaka alipoona kinataka kuzimika.

Shemeji yake Havugimana, mdogo wa marehemu, alipita kumsalimu akamtazama Waseme kwa muda mrefu. Si mtu mbaya Havugimana. Ana moyo mwepesi kuliko sura yake, na machozi ya kumlilia kaka yake yalikuwa bado karibu.

"Mama Mimi," alisema, akimwita kwa jina la bintiye, "imbwa inateseka. Kwetu hatuache mnyama ateseke. Siku ya Yenga, nikitoka misa, nitakuja na kamba. Nitaipeleka mbali, nitaimaliza vizuri. Wewe hautaona kitu."

"Ngoja kwanza, shemeji."

"Nitangoja mpaka Yenga. Kama haijakula, itabidi."

Akaenda. Léocadie akampigia simu bintiye Mimi, anayefanya kazi ya ndani kule Himbi kwa wageni wenye mbwa wawili. Hakuzunguka. "Mutoto wangu, zile imbwa za bazungu bako, zikigoma kula, wanafanya nini?"

Mimi akacheka mpaka simu ikakwaruza. Alipoona mama hacheki, akaeleza. Madame hutengeneza biskuti mwenyewe: unga wa mahindi, viazi vitamu vya kuponda, yai, na samaki mkavu aliyetwangwa. Chumvi hapana, sukari hapana, kitunguu usithubutu, kinaua mbwa. Unasukuma, unakata, unachoma mpaka zikauke. "Zile imbwa zikisikia harufu tu, mama, zinaimba. Na wewe, unakula?"

"Nilikula."

"Ulikula nini?"

"Mimi, si nakuuliza mambo ya imbwa?"

Sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, aliwapata kwa mama mmoja aliyetoka nao sokoni Kituku. Tatizo likawa tanuru. Tanuru alikuwa nalo jirani yake, Mama Cibalonza, Mushi kwa kabila, wa Bukavu, mwenye mdomo usio na mlango, mwoka keki za ndoa na za komunyo. Lake lilikuwa sufuria kubwa lenye mchanga mweusi wa volkano chini, juu ya mbabula, jiko la makaa, na mfuniko wake unabebeshwa makaa. Keki zilizotoka humo zilikuwa zimewaliza maharusi kwa utamu.

"Unasema biskuti za nani?" Mama Cibalonza aliweka mikono kiunoni. "Rudia, sikio langu la kuume lina nta."

"Za Waseme."

"Eeh! Ee Nyamuzinda, Mungu wetu, njoo uone! Batu banalala na chai tupu katika mji huu, wewe unaokea imbwa?" Halafu akamtazama vizuri, kuanzia kilemba mpaka kandambili, na sauti ikashuka. "Mama Mimi, hiki kitenge mbona kinakuzunguka mara mbili? Unakula kweli?"

"Nilikula."

"Mm." Mama Cibalonza hakusema zaidi, jambo ambalo kwake ni muujiza, akaenda kuwasha makaa.

Biskuti za kwanza zilikuwa aibu. Léocadie hakuwa amewahi kuoka kitu, aliweka makaa mengi juu kama anayechoma mahindi, zikatoka nyeusi na ngumu. Mama Cibalonza aligonga moja kwenye ukuta, ukuta ukabanduka rangi. "Hizi peleka kwa mafundi, wanajenga." Wakacheka wote wawili, na Léocadie alishtuka kusikia kicheko chake mwenyewe, kama mtu aliyekuta nguo aliyodhani imeibwa.

Za pili zilikuwa kitu kingine. Aliponda viazi mpaka vikalainika, akapunguza makaa, akakaa juu ya kigoda bila kuondoa macho. Zilipotoka zilikuwa za rangi ya dhahabu, ukingo umekauka, harufu ya sambaza na viazi ikatembea mpaka barabarani. Mwendesha piki alisimama akauliza ni ngapi. Mama Cibalonza akamwambia ni za imbwa, na yule akaondoka akisema maneno ambayo sitayarudia hapa.

Léocadie akatafuta sahani. Si bakuli la mbwa, la, sahani yake ya maua, ile ya wageni. Akapanga biskuti vizuri, akaiweka mbele ya pua ya Waseme, kisha akafanya alivyofundishwa na mama yake kumfanyia mgeni mwenye haya: akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango ili ale kwa heshima. Akasimama nyuma ya mbao anasikiliza. Hakusikia meno.

Alipofungua, Waseme alikuwa amegeuzia sahani mgongo. Alizibadilishia mahali. Akazilowesha kwa maziwa. Akaoka nyingine, akaongeza sambaza, akaongeza yai. Kila mara aliweka, akaondoka, akafunga. Mara moja akakuta sahani tupu, moyo ukaruka, akapiga vigelegele peke yake uani, mpaka akamwona mbwa mnene wa jirani anajilamba midomo kando ya ukuta wa mawe. Alimtupia kandambili. Siku hiyo aliketi chini, kichwa mikononi, akalia kilio ambacho hata kaburini hakukilia.

"Unataka nini?" alimuuliza Waseme. "Niambie basi! Nikufanyie nini? Niliweka kila kitu!"

Mbwa akafungua jicho, akamtazama, akalifunga.

Siku ya Yenga Havugimana akaja, amevaa koti lake la misa, na kamba ameiviringisha mfukoni ili isionekane, lakini ncha ilikuwa inaning'inia. Alimwona Waseme, akaona sahani ya maua imejaa. Léocadie akamwekea kiti hapo mbele ya nyumba, maana mgeni ni mgeni hata akija kuua, akaenda kumletea kasiksi, ile pombe ya ndizi aliyoipenda kaka yake. Alichelewa makusudi huko ndani. Alikuwa anaomba.

Sasa, milimani kwao hakuna anayempa mgeni kinywaji hivi hivi. Mwenye nyumba huonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ajue hakuna sumu, ndipo anakabidhi. Kunywa funda moja la desturi mbele ya shemeji si kula, hakuna ubaya. Léocadie alisimama mlangoni karibu na lile jiwe, akainua kikombe, akanywa funda, akameza.

Waseme akainua kichwa.

Si jicho moja. Kichwa kizima, na sikio lile zima likasimama. Akamtazama Léocadie mdomoni.

Léocadie akabaki na kikombe mkononi. Sauti ya Célestin ikamjia kupitia mbao kama zamani: ya kwangu, haya, ya kwako. Ya kwangu kwanza. Miaka yote ile Célestin alikuwa anaonja kwanza, kama kwa mgeni, na yeye amefungia mlango haoni. Kisha akaona na la pili, na hilo likamchoma zaidi: tangu mazishi huyu mbwa hajamwona mtu yeyote wa nyumba hii akitia kitu mdomoni. Angemwona vipi! Chai asubuhi, chai jioni, na kila aliyeuliza anaambiwa nilikula.

Akampa Havugimana kikombe. Akakaa juu ya jiwe la mumewe, palepale, mlango wazi nyuma yake, na njia inapita watu watokao kanisani. Akaichukua sahani ya maua akaiweka mapajani.

"Shemeji," Havugimana alisema, "unafanya nini?"

Mwanamke wa miaka yake, mjane, mbele ya mdogo wa mumewe, mchana kweupe, anakula. Na anakula chakula cha mbwa! Kule nyuma ya ukuta Mama Cibalonza alikuwa amekwisha kuchungulia, na kama Mama Cibalonza ameona, basi Goma imeona. Léocadie akachukua biskuti moja.

"Ya kwangu," akasema.

Akauma. Haikuwa na chumvi, haikuwa na sukari, ilikuwa kavu. Akatafuna. Machozi yakashuka yakaingia katika pembe za mdomo, hiyo ndiyo ikawa chumvi. Akameza.

"Haya," akasema, akanyoosha kipande kilichobaki. "Ya kwako."

Waseme akasimama. Miguu ilimyumba, ikabidi aegemee jiwe, na Léocadie akasikia joto la ubavu wake kwenye goti. Mbwa akanusa kidole. Akakichukua kile kipande polepole, kwa ncha ya meno, akatafuna.

"Ya kwangu," alisema Léocadie, na sasa sauti haikutoka vizuri. "Haya. Ya kwako."

Mama Cibalonza aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Havugimana naye aliinuka. Léocadie alidhani anaondoka kwa haya, na nani angemlaumu. Lakini hakuondoka. Aligeuza kiti chake, taratibu, mpaka kikatazama ukuta, akakaa tena, mgongo kwa shemeji yake, ili mwanamke ale bila kutazamwa. Watu wa njiani waliosimama kuchungulia aliwafukuza kwa mkono kama anafukuza kuku.

Nyuma yake yalisikika meno ya aina mbili yakitafuna. Alinywa kasiksi yake kidogo kidogo, macho yameganda kwenye mawe ya ukuta, na kamba akaisukuma ndani kabisa ya mfuko. Ilipita muda. Sahani ikagonga jiwe, tupu.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa inafanana sana na ya kaka yake. "Imbwa imekula?"

Léocadie alijifuta makombo mdomoni kwa ncha ya kitenge. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya kichwa cha Waseme.

"Tumekula," alisema.