Grisi ya Mabomba

Tangu kiharusi kimnyang'anye sauti, Lorna alikuwa anaongea kwa kubonyeza kimashine cha vitufe. Siku moja waya ukachomoka, na bima ilishakataa kutoa kingine.

"Wendell, nunua pasi ndogo ya kulehemu, ya bei poa, ile unayoweza kupunguza joto lake," jirani yao Curtis akamwambia mume wa Lorna. "Hiyo grisi yako ya kulehemea mabomba ni asidi, itakula waya, mzee!"

"We kijana, nusu ya mabomba ya mji huu wa Duluth nimeunga mimi. Leo ninunue kidude cha watoto?"

Akapaka grisi yake, akalehemu. Kiungo kiling'aa hicho! Lorna akabonyeza, mashine ikasema, "Kahawa." Wendell akacheka mpaka machozi.

Baada ya wiki chache ikazima. Curtis akaifungua pale mezani, ndani kijani tupu. Asidi imekula shaba yote.

"Ile pasi ndogo nimenunua," Wendell akasema kwa sauti ya chini.

"Sasa utalehemu kwenye nini, mzee wangu?"

Lorna akanyoosha mkono, akabonyeza vitufe vya ile mashine iliyokufa harakaharaka, sentensi nzima, akamwangalia mumewe, akangoja. Wendell hakujua kasema nini.