Kadi ya Ubavuni

"Zima! Nimesema zima, Mkanda, kabla sijaizima mwenyewe!"

"Jirani, subiri kidogo, inahifadhi..."

"Inahifadhi nini? Nimekuuliza video ya mwanangu mpaka ulimi ukaota sugu, unaniambia kesho. Kesho, kesho! Leo hayupo, ndiyo unamchekesha ukutani kwangu?"

Mlango ulikuwa umeshajaa watu. Katika ua ule wa wapangaji ugomvi ulikuwa kama chungu kilichofunuliwa: harufu ikitoka tu, kila mtu anasogea. Wa kwanza kufika alikuwa Redio, mama wa chumba cha mwisho, aliyepewa jina hilo kwa sababu habari zilimfikia kabla hazijatokea. Povu la sabuni lilimfika kwenye viwiko.

"Jamani, semeni polepole," alisema Redio, huku akisogea karibu ili asikie vizuri.

Mama mshonaji hakusema polepole. Aliingia chumbani kwa Mkanda utepe wa kupimia nguo ukimning'inia shingoni, akasimama mbele ya laptop. Kwenye kioo alikuwamo binti yake, amevaa nguo nyeupe, kichwa amekirusha nyuma, anacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kile kile, kinachoanza kama kikohozi halafu kinafunguka. Mama alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Kicheko kiliendelea. Ndipo akaona, ubavuni mwa laptop, kidude kidogo kimejitokeza kama ncha ya ulimi, kimebandikwa utepe wa gundi, na kitaa kinapepesa pembeni yake. Akakivuta upande, kwa nguvu zote, pamoja na gundi yake.

Kicheko kilikatika katikati, kama uzi.

"Si imezimika?" alisema akihema. Akafumba kiganja, akapita katikati ya watu, akaenda nacho.

Mkanda alibaki ameshika kichwa. Jina hilo alilipata zamani za mikanda, alipokuwa akibeba kamera kubwa begani kama mtu aliyebeba mtungi. Mikanda iliisha, kamera zikapungua, jina likabaki. Harusi za mitaa yote ile zilipita mikononi mwake. Za wageni alizimaliza haraka, maana mgeni akicheleweshewa anakuja na mashemeji. Jirani je? Jirani unakutana naye bombani kila asubuhi. Jirani hakimbii.

Kwa hiyo harusi ya binti wa mshonaji ilisukumwa nyuma, ikasukumwa tena. Binti aliyekulia ua huo huo, aliyemwita baba mdogo tangu hajaota meno ya mbele. Mama yake akiuliza, Mkanda anajibu kesho, wanacheka, kila mmoja anabeba ndoo yake. Halafu binti akaugua ghafla, hata majirani hawajamaliza kuulizana ana nini, akawa ameshakwenda. Baada ya mazishi hakuna aliyeuliza tena habari za video. Na hapo ndipo swali lilipoanza kumwasha Mkanda.

Laptop yake ilikuwa mzee aliyepita mikono mingi. Betri ilishakufa, ikawa inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu, na tumbo lake lilikuwa dogo: kila akiongeza kitu, inamwambia nafasi imejaa. Akanunua memori kadi, akaichomeka ubavuni, akaifanya ghala. Hakuitoa tena. Aliibandika gundi asije mtu akaigusa. Kila kilichokuwa kizuri alikihamishia huko: viapo, keki, machozi ya shangazi, uso wa bibi harusi akitazama dirishani. Vibaya alivitupa, vya giza, vya kutikisika, vya kamera iliyosahauliwa ikapiga sakafu.

Sasa ghala lilikuwa kwenye kiganja cha mama mshonaji.

"Hajawasha cherehani tangu jana," Redio alimletea habari asubuhi, bila kuombwa. "Na mimi nikasema, niache niende nikamwangalie, si umbea, ni ujirani. Amekaa tu. Amekishika kile kidude chako kama tasbihi."

Mchana mama alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, nywele amezichana, hata marashi amejipaka. Mkononi alikuwa na kipande cha satini nyeupe alichokikunja vizuri. Akakifunua: kadi.

"Usiniambie pole," alisema. "Jana hasira zilinipanda. Kusikia bila kuona, kule ukutani, sikuweza. Lakini nimefikiri. Rudisha kidude chako. Nataka kumwona. Unaona nimejiandaa kabisa, kama naenda kwa watu."

Mkanda alimvutia kiti. Akaichomeka kadi. Laptop ikanyamaza. Akaitoa, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Kitaa hakikuwaka. Mama alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anatazama kioo kitupu kwa uso wa mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

"Jirani," alisema Mkanda, na mdomo ukamtangulia, "labda kesho..."

Alilisikia mwenyewe. Likawa limeshatoka.

"Kesho," mama alirudia, taratibu. Ingekuwa afadhali apige kelele za jana. Aliinuka, akalivuta gauni lake lisiguse vumbi, akaondoka.

Fundi wa simu wa pale kona aliiweka kadi chini ya kioo chake cha kukuzia, akaigeuza mara kadhaa.

"Imepasuka, kaka. Ona huu mstari, mwembamba kama unywele. Hapo hata ukiisomea haisikii. Kwani ilikuwa na nini?"

"Vizuri vyote."

Fundi akasonya kwa huruma. Akavuta laptop ambayo Mkanda alikuja nayo, akaichomeka kwenye umeme wake, akachungulia. Kisha akacheka.

"Kaka, hivi hujawahi kumwaga taka?"

"Taka gani?"

"Pipa hili hapa. Ukifuta kitu hakiendi popote, kinakaa humu mpaka umwage. Hii laptop haikuhitaji kadi. Imejaa ulivyovitupa. Nikumwagie?" Kidole chake kilikuwa kimeshashuka.

Mkanda alimdaka kifundo cha mkono.

"Ukimwaga, nitakuvunja huu mkono na bado tutabaki marafiki."

Alirudi chumbani akajifungia. Tangu zama za mikanda alijua kwamba kilichofutwa kimefutwa. Hakuwahi kufikiri kwamba aliishi na takataka zake zote. Akazifungua moja moja. Dari za kumbi. Vidole vyake mwenyewe mbele ya lenzi. Viatu vya wajomba wasiojulikana. Harusi za watu wengi, bila sura hata moja. Nje, watoto wa ua walikuwa wakigombania mpira, na ndoo zilikuwa zikigongana bombani. Aliendelea, hadi akaona sakafu anayoijua.

Jua lilikuwa linateremka nyuma ya paa aliposimama mlangoni kwa mama mshonaji, laptop mikononi, waya mrefu ukimfuata uani kama mkia. Waya uliishia kizingitini. Akaketi hapo hapo. Ndani, sufuria ilikuwa imetoka jikoni, mfuniko unatoa mvuke.

"Jirani, kadi imekufa," alisema. "Sitakudanganya. Sura yake ilikuwa humo. Kilichobaki ni hiki, na hiki nilikitupa."

Mama alikuja akachuchumaa.

Picha ilikuwa ya upande, kamera imelazwa kitini. Hakuna uso. Pindo la nguo nyeupe, miguu miwili peku isiyotulia, na mama mwenyewe amepiga magoti, pini zimejaa mdomoni, analibana pindo.

"Tulia wewe, nitakuchoma!" ilisema sauti ya mama, kupitia kwenye pini.

"Mama, unanitekenya!" Kisha kikohozi kile, kisha kikafunguka. "Baba mdogo, usituchukue bwana, sijavaa viatu!"

"Sijawasha," ikajibu sauti ya Mkanda kutoka mbali. "Hii nimezima."

Mkono wa msichana ulishuka kwenye picha, ukagusa kichwa cha mama yake ili asianguke, ukakaa hapo. Giza.

"Rudia," alisema mama.

Mkanda alirudia. Redio alikuwa ameshafika, nyuma yake wawili watatu. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika ua ule, akaufunga bila kutangaza kitu.

"Pindo halikunyooka," mama alisema baadaye. "Lilipanda kushoto. Nilijua, nikanyamaza." Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza. "Niliivunja mimi, siyo?"

"Wewe uliivuta mara moja, jirani. Mimi nimeikalia tangu harusi."

Majirani wakaondoka mmoja mmoja, Redio wa mwisho, akitembea kinyumenyume. Mama aliinuka, akafunua sufuria, akachukua sahani, akapakua. Akachukua na nyingine.

"Ingia ule."

"Asante, nimeshiba."

"Umeshiba nini, na tangu asubuhi hujapika? Kuta hizi zinasema pande zote mbili. Ingia."

"Waya haufiki, mama. Nikiingia itazimika."

Alimtazama, akaitazama laptop iliyokuwa magotini mwa Mkanda, na vile vidole vya miguu vilivyosimama kwenye kioo, vimejikunja kwa kicheko. Akaenda pale cherehani ilipo, akachomoa waya wake ukutani, akasogeza kitambaa kilichokuwa kinasubiri.

"Chomoa kwako," alisema. "Si ukichomeka hapa itawaka tena?"

"Itawaka."

"Basi njoo. Chakula kinapoa."