Gari la Mahari

Kaka yangu Gasore nampenda, lakini ukimwambia jambo mara mbili umepoteza pumzi yako bure. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini sikumzuia. Nilimzuia!

Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, sisi watu wa Mulenge tuliotoka Kongo hatuna tena ng'ombe wa kujaza mahari. Kwa hiyo Muhire alipomtaka Benitha, binti wa Gasore, baba yake Mihigo alituletea gari. Gari dogo, jeupe, la mitumba, lakini linatembea. Wazee walikaa wakakubaliana kwamba lile ni ng'ombe, na si kwa utani. Tulilipokea kwa maziwa, mzee mmoja akaliimbia sifa, na Gasore akalipa jina la Gitare, kama ng'ombe yeyote mweupe wa nyumbani. Benitha alicheka siku hiyo mpaka akajifuta machozi. Alikuwa anampenda yule kijana, jamani, wala hakuna aliyemsukuma.

Sasa, ng'ombe wa mahari lazima majirani wamwone. Gasore akasema kumwona haitoshi, wamsikie pia. Akamwita Vénant, yule anayechaji watu simu pale sokoni, akafunga ndani ya gari spika mbili kubwa za kwaya. Kila wimbo ulipopanda, fyuzi ilikatika. Vénant akaichomoa, akaweka kipande cha waya badala yake. Nikamwambia Gasore, "Hiyo fyuzi haikuwekwa pale kama pambo." Akanijibu, "Weye umeme ulisomea fasi gani?" Haya, nikaenda zangu.

Jumapili tulipotoka ibadani, alikuwa akiliendesha polepole mbele ya watu, spika zinapiga, mara moshi ukatoka chini ya usukani. Gasore alifungua mlango akaanguka nje, mzima, Mungu asifiwe. Tukamwaga udongo, tukamwaga mpaka maji ya kupikia, wapi! Vioo vilipasuka kimoja kimoja. Likabaki bati jeusi lililokalia rimu, na harufu ya plastiki iliyotukaa kooni hata usingizini.

Benitha aliniuliza swali moja tu. "Shangazi, bado nitaolewa?"

"Gari limekufa," nikamwambia. "Muhire hajafa."

Katika ukoo wetu, ng'ombe wa mahari akifia kwako kabla ya harusi, unampelekea ngozi yule aliyemtoa. Anaiona kwa macho yake, anajua hukumuuza, mnakunywa pamoja, na harusi inaendelea, naye hutafuta mwingine baadaye. Gasore aliamua kufanya hivyo hasa, na hapo sina ugomvi naye. Lakini ngozi ya gari ni ipi? Mimi nilisema ang'oe kibao cha namba tukipeleke. Akasema hapana, Mihigo atafikiri mengine yameuzwa vipuri. Akatafuta lori la mahindi kutoka Rugaaga, vijana wakalipakia bati lote, tukakaa mbele sisi watatu na dereva. Benitha alivaa kitenge alichoshonea kwenda kumsalimia mama mkwe. Nilipokiona moyo uliniuma.

Karibu na Mbarara polisi alitusimamisha. "Mzee, hii ni nini mnabeba?"

"Ngozi ya ng'ombe," akajibu Gasore bila kucheka.

"Wewe mzee unacheza na mimi? Ng'ombe gani iko na sitelingi?" Akamwita mwenzake aje aone, wakacheka wakishikana mabega. "Kale, sawa, pitisha ng'ombe yako."

Mihigo anakaa Ruti, pale pale Mbarara, nyumba yenye geti. Vijana wa pale kwake wakalishusha bati uani. Alilizunguka, akaligusa kwa kidole, akajifuta. "Nimeona," akasema. "Alikufa kweli. Poleni sana." Tukaletewa viti na chai. Muhire alisimama nyuma ya baba yake, akamtazama Benitha, akatabasamu kidogo. Hapo nikaanza kupumua vizuri.

Ndipo Gasore akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa funguo na kuziweka mezani. "Nisibakie na kitu chake hata kimoja," akasema, uso unang'aa kwa uaminifu.

Mama yangu! Nusura nizirukie. Ngozi unarudisha, lakini kamba unabaki nayo. Kamba ya ng'ombe yule hukaa kwa baba wa binti mpaka siku ya harusi, ndiyo inayosema ukwe bado upo. Ukiirudisha umesema chukua chako, mtoto wangu simtoi tena.

Mihigo aliweka kikombe chini. "Gasore, umerudisha mpaka kamba?"

"Kamba gani? Si ni funguo?"

"Tulisema ni ng'ombe. Wewe ndiye uliyempa jina."

"Mzee, hakukusudia hivyo," nikaingilia. "Hata funguo zenyewe hazina kazi tena. Mtoto wa watu asiumie kwa ajili ya vyuma!"

Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Nadhani tangu alipoliona bati lile alikuwa akijiuliza atatoa wapi gari lingine, kaka yangu akamfungulia njia ya kutokea. "Mimi sisemi neno," akasema Mihigo. "Muhire, mahari ni yako. Ukiziacha hapo, wataondoka nazo, na ukwe utabaki. Ukizichukua, yamekwisha."

Muhire alimtazama baba yake. Akalitazama bati uani. Benitha alikuwa amesimama, mikono ameikunja juu ya kitenge chake, anamsubiri ageuke upande wake. Hakugeuka. Alinyoosha mkono, akazichukua funguo, akazitia mfukoni, akaingia ndani.

Njiani Gasore hakukoma. "Nilikosa wapi? Niambieni, nilikosa wapi? Sikumwibia mtu!" Nami hasira zilinipanda, nikaanza kumpa yote niliyoyameza tangu siku ya spika, tangu Vénant, tangu tukiwa wadogo.

Benitha alinishika goti. Macho yake yalikuwa makavu.

"Shangazi, mwache baba," akasema. "Baba aliziweka tu mezani. Muhire ndiye aliyezichukua."