Makofi ya Kilo kwa Bustani

Hyasinta alishawapaka sato chumvi na mkaa ulikuwa umeanza kushika, ndipo Burito, mwenyekiti wa mtaa, akaja kusimama mbele yake.

"Mama, zima jiko. Wageni wa mipango hawapokelewi kwa moshi. Leo tunapanga bustani yetu."

Akazima. Kupika kwenye pembe hiyo ya bustani ya Musoma ndiko kulikosomesha wanawe. Alikuwa na neno moja tu la kusema: kwenye ramani mpya, mama lishe waachiwe mahali. Alilirudia moyoni asubuhi nzima, kwa sababu wageni walifika jua la utosi, na sato walikuwa wanalegea kwenye beseni.

Afisa mipango, Clementi, alibandika ramani kwenye ukuta wa choo. Ukuta mwingine haukuwepo. Alionyesha uzio, geti na mgahawa wa vioo. Kwenye ramani hiyo, jiko la Hyasinta lilikuwa limeota maua.

Hyasinta akanyoosha mkono. "Mimi napikaga hapo penye maua. Sasa mnanipeleka wapi?"

"Maswali ni mwishoni, mama," Burito akadakia. "Kwanza tumshukuru mgeni wetu. Makofi ya kilo! Kilo moja!"

Watu wakapiga kwa pamoja: pa-pa-pa.

"Kilo mbili!"

Kumnyima mgeni makofi ni kama kumnyima maji ya kunywa, na watu wa mtaa ule walilelewa vizuri mno. Hyasinta alipiga kwa nguvu kuliko wote, ili zamu yake ifike upesi.

"Asanteni sana," Clementi akasema huku akiandika. "Basi, wananchi wamepitisha kwa makofi."

"Tumepitisha nini?" Rhobi, jirani wa Hyasinta, akasimama. "Si tumekusalimia tu!"

"Mmeshirikishwa, mama. Muda umetutupa mkono."

Ramani ikakunjwa. Watu wakatawanyika wakilaumiana chinichini, nani aliyeanza kupiga. Hyasinta aliitazama mikono yake akaichukia. Viganja vilikuwa bado vinawasha.

Alikuwa anafukuza nzi kwenye beseni alipoona viatu vyeusi mbele yake. Clementi alikuwa ameketi kwenye benchi lake, analegeza tai.

"Mama, njaa inauma. Nimesikia sato wako hana mpinzani. Nikaangie mmoja, na ugali wa moto."

Hyasinta akalifunika beseni, taratibu.

"Leo hakuna chakula, baba. Sijapika. Nimeshinda nashirikishwa."